Mazoezi kwa muuzaji wa mtandaoni mwenye watoto: anza na saa ya kufunga oda

Somo la leo ni la mwili, lakini msikimbie, biashara imo humu ndani tele.

Kwanza fungua mipangilio ya simu yako, tafuta sehemu inayoonyesha muda unaotumia kwenye skrini, uangalie wastani wa siku. Ukishaiona hiyo namba, jiulize katika saa hizo ni ngapi ulikuwa umekaa. Kwa wengi wetu ni karibu zote. Tunajibu wateja tumekaa, tunapunguza bei tumelala, tunafunga mizigo tumeinama kwenye kigoda, halafu boda anakuja mpaka mlangoni kuchukua. Mama anayeshuka mlimani huku Bigwa na mkungu wa ndizi kichwani asubuhi na mapema hahitaji somo hili hata kidogo. Wanaolihitaji ni sisi tunaouza kwa kidole gumba.

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao naupenda kwa sababu hauhitaji usomi kuuelewa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa siku nzima kwenye usukani, konda alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Mji uleule, basi lilelile. Makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na waliopata, uliwajia umri umesogea zaidi. Sasa jiangalie wewe na biashara yako. Mimi nikijiangalia na viungo vyangu, iliki na mdalasini na pilipili manga zinazoshuka kutoka Kinole na Mkuyuni, naona sisi wote wa mtandaoni tuko kiti cha dereva.

Hapa ndipo pa kuogopa. Mwenzetu mmoja anauza nguo za watoto, ana watoto wawili, kila kitu anafanya peke yake. Alikwenda zahanati kwa jambo jingine kabisa, akapimwa presha, wakampima tena, wakamkalisha. Ikabidi apumzike karibu wiki tatu. Presha ya juu mara nyingi haina dalili, ndiyo maana hakuwa anajua. Ukipimwa siku tofauti ukawa unafika 140 kwa 90 au zaidi, hiyo tayari ni ya kushughulikiwa. Lakini sikia kilichomtesa zaidi. Kulikuwa na wateja wameshalipa. Nyumbani hakuna aliyejua mzigo upi ni wa nani, na simu alikuwa haruhusiwi kukaa nayo usiku kucha. Siku ya nne mtu akaandika neno "tapeli" chini ya picha zake, wengine wakafuata. Miaka ya kujenga jina, unajua wewe mwenyewe inavyouma. Alipona, anakunywa dawa zake na anatembea kila siku kama alivyoelekezwa, na wateja wengi wamerudi. Sisemi kwamba kutembea kungemkinga, hakuna anayeweza kulisema hilo kwa mtu mmoja. Nasema kwamba duka letu lina mfanyakazi mmoja tu, na huyo mfanyakazi ana mishipa ya damu.

Haya, kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwishoni mwa 2020. Mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au nusu ya hizo kama ni mazoezi ya nguvu kama kukimbia, na juu yake siku 2 au zaidi kwa wiki za kuimarisha misuli. Gawa 150 kwa siku saba, unapata kama dakika 22 kwa siku. Na kuna badiliko moja kwenye mwongozo huo ambalo kwa mzazi mfanyabiashara ni zawadi. Zamani walisema zoezi lihesabiwe kama limefika angalau dakika 10 mfululizo. Mwaka 2020 hilo sharti likaondolewa. Dakika 6 za asubuhi zinahesabiwa. Dakika 4 za kupanda kilima na mfuko wa mizigo zinahesabiwa.

Mwendo wa wastani unaujuaje bila saa ya mkononi ya bei mbaya? Ukitembea ukaweza kuongea lakini ukashindwa kuimba, upo penyewe. Ukiweza kuimba wimbo mzima, unatalii. Na kazi za nyumbani? Kufua kwa mkono rundo la nguo, kuchota maji, kupiga deki kwa kasi, kama vinakufikisha kwenye hiyo hali, hesabu. Kuosha vikombe viwili huku unasoma meseji, usijidanganye.

Sasa tuje kwenye kiini. Wazazi wengi tukiulizwa kwa nini hatufanyi mazoezi tunajibu "muda". Mimi naona muda upo, ila umekatwakatwa vipande vidogo na meseji. Duka la mtaani lina mlango, likifungwa mtu anarudi kesho na hakasiriki. Sisi mlango wetu ni simu, na hatujawahi kuufunga. Mteja anauliza "bado ipo?" saa 5 usiku, tunajibu. Mwingine analipia saa 9 alasiri anataka mzigo uondoke leoleo, tunaita boda mbio. Katika siku ya namna hiyo hata ukinunuliwa viatu vya kukimbilia vya bei gani, vitakaa kwenye boksi. Kwa hiyo kabla ya kupanga mazoezi, panga saa ya mwisho ya kupokea oda za siku hiyo. Kwangu ni saa 7 mchana. Aliyelipa kabla ya saa 7, mzigo wake unatoka leo. Baada ya hapo ni kesho. Nimeiandika juu ya ukurasa, ipo kwenye picha za bei, ipo kwenye jibu la kwanza kabisa mteja anapoingia.

Wengi mnaogopa mtapoteza wateja. Wapo watakaolalamika. Ila angalia wanavyofanya wenye mabasi: basi la saa 3 linaondoka saa 3, na abiria anajipanga. Mteja anachotaka ni kujua, na ukimwambia "kesho asubuhi" ikafika kesho asubuhi kweli, anakuamini kuliko yule anayesema "sasa hivi" halafu kimya.

Saa yako usiige yangu. Itafute kwenye simu yako mwenyewe. Chukua wiki moja, kila jioni pitia meseji za siku, andika kwenye daftari meseji ngapi ziliingia kila saa. Kazi ya dakika 10. Utaona zinakuja kwa mawimbi. Kwangu wimbi la kwanza ni kama saa 2 asubuhi watu wakiwa njiani kwenda kazini, la pili muda wa chakula cha mchana, la tatu ndilo kubwa, saa 2 hadi 4 usiku watoto wa watu wameshalala. Anayeuza vifaa vya shule au samaki atakuwa na mawimbi mengine. Katikati ya mawimbi kuna mabonde, na mazoezi yanakaa mabondeni. Faida ya pili ni kwamba unajua sasa saa ya kuposti bidhaa mpya. Hiyo peke yake inalipa kazi ya daftari.

Kwa wakati unapokuwa bondeni, tumia vitu ambavyo WhatsApp Business inakupa bure. Kuna ujumbe wa kutokuwepo unaoweza kuupangia saa ujitume wenyewe. Kuna majibu ya haraka, unaandika mara moja maelezo ya bei na usafirishaji, unayaita kwa neno fupi. Kuna katalogi. Ujumbe wangu wa kutokuwepo unasema hivi: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Kwa sasa sipo kwenye simu, nitakujibu kabla ya saa 2 asubuhi. Bei zote zipo kwenye katalogi." Sisemi naumwa, sisemi nipo kwenye kikao. Taja saa ya kurudi, na uitimize. Mtu akiona saa, anasubiri.

Ratiba yangu naiweka hapa muone hesabu, maana mtu akisema "tembea tembea" bila hesabu ni kama mtu anayesema "napata faida" bila daftari.

Asubuhi nampeleka mdogo shule kwa miguu. Kwenda sihesabu, kwa sababu kutembea na mtoto wa darasa la pili ni kusimama kuokota mawe na kuulizwa mbuzi anaitwaje. Kurudi ndiyo zoezi. Narudi kwa njia ndefu yenye kilima, haraka, dakika 15, siku 5. Hizo ni 75. Siku tatu za wiki natoa mizigo ya mikoani, na sichukui boda nyumbani, natembea na mizigo mpaka barabara kubwa, dakika 10 kwenda na 10 kurudi. Kwa siku tatu ni 60. Jumla 135. Jumamosi jioni tunapanda na watoto njia ya kuelekea mashambani upande wa mlima, nusu saa ya kupanda kweli. Inafika 165, na sijatenga hata saa moja nzima ya "mazoezi" kwenye siku. Boda akikuchukua mlangoni mpaka barabarani kwa buku, kwenda na kurudi, siku tatu ni 6,000 kwa wiki. Nyingine hiyo nunua vifungashio.

Nimesema tunapanda kuelekea mashambani, sikusema tunapanda Uluguru. Watu wa mbali mkiwaona watu wa Morogoro mnadhani kila Jumapili tupo kileleni. Lupanga ina zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari na mji wetu upo kwenye mita kama 500 hivi, kwa hiyo hiyo ni safari ya kutwa, mwenye mtoto wa miaka saba asijaribu ovyo. Tena msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia, kuingia kuna utaratibu na malipo. Njia za chini zinatosha kabisa kukutoa jasho. Na watoto wenyewe, kwa mwongozo uleule wa 2020, wenye miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili, kwa hiyo usiwachukulie kama kikwazo cha mazoezi yako. Wapeleke nao. Wanaposhindana kukimbia mbele yako, wewe unalazimika.

Hapa niseme jambo ambalo kwenye vitabu vya afya hawaliandiki. Mtaani kwetu mtu mzima, hasa mama, akitembea haraka bila mzigo watu wanadhani kuna msiba. Utasimamishwa. "Vipi, kwema?" Ukipungua kilo tatu utaambiwa una mawazo, au biashara imekufa. Mimi dawa yangu ni mfuko wa mizigo begani. Mwenye mfuko haulizwi kitu, na mara mbili nimepata wateja hapohapo njiani. Kuhusu usalama, mimi sitembei kabla hakujapambazuka wala baada ya giza kuingia. Barabara ina pikipiki, pembeni pembamba, na mwanamke peke yake gizani ni hatari ambayo hakuna dakika 150 zinazoweza kuifidia. Tembea ukiwatazama madereva usoni, upande ambao magari yanakuja mbele yako, na simu iwe mfukoni. Kama mnaweza kuwa wawili watatu ni vizuri zaidi. Zanzibar wenzetu wana vikundi vya mazoezi mpaka tarehe 1 Januari kila mwaka wanajitokeza kwa pamoja. Na Desemba 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, alitaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima kwa ajili ya magonjwa haya yasiyoambukiza. Wafanyabiashara watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuikumbuka hiyo Jumamosi bila kusubiri gari la matangazo.

Zile siku mbili za misuli hazihitaji jimu. Dumu la lita 5 likijaa maji lina kilo 5, la lita 20 lina kilo 20. Simama na dumu dogo kila mkono, chuchumaa kama unakaa kwenye kiti halafu inuka, mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Sukuma ukuta kwa mikono kama unataka kuhamisha nyumba, mara 10. Ukiuzoea ukuta, shuka kwenye ukingo wa meza imara, baadaye sakafuni. Dakika 12 zimeisha. Na kwa sababu tunainua mabelo na maboksi, jifunze kuinua kwa magoti: sogea karibu na mzigo, kunja magoti, mgongo unyooke, mzigo uwe karibu na tumbo, na usijizungushe kiuno huku umeubeba. Mgongo ukikataa, hakuna anayekuja kukufungia oda.

Masika nayo tuipangie mapema. Huku chini ya Uluguru kuanzia Machi hadi Mei njia za udongo zinakuwa utelezi, kutembea na mizigo ni kutafuta kuvunjika. Miezi hiyo nahamia ndani: kuruka kamba barazani, kupanda na kushuka kwenye kizingiti cha mlango, kucheza muziki na watoto kwa nyimbo nne mfululizo. Nyimbo nne ni kama robo saa. Msicheke, jaribuni kwanza.

Kuna watu mmepakua programu za kuhesabu hatua na mnakata tamaa kwa sababu hamfiki 10,000. Hii nawapa kama wafanyabiashara. Ile namba haikutoka hospitali. Mwaka 1965 huko Japani, mwaka mmoja tu baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua ikakiita Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina la bidhaa, basi! Linakaa mdomoni, na dunia nzima imelibeba mpaka leo. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 walikuta kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na nafuu iliendelea mpaka kama 7,500, ikatulia. Kwa hiyo ukifika 6,000 siku ya mizigo, usihuzunike. Na ukipata bidhaa mpya, mpe jina lenye namba.

Mwenza wako pia awe ndani ya mpango. Baba watoto na mimi tumegawana: asubuhi mbili za wiki yeye ndiye anayempeleka mtoto, mimi natumia dakika zilezile kutembea njia yangu kwa kasi tangu mwanzo, na Jumapili yeye anakwenda kwenye mpira wake na simu ya biashara inabaki kwangu imezimwa sauti. Aliye peke yake na watoto ana mzigo mkubwa zaidi, huyo aegemee zaidi kwenye dakika fupi fupi za ndani, na ampe hata ndugu mmoja daftari la oda lenye majina, vitu na malipo, ili siku akilala kitandani wateja wapate majibu. Yule mwenzetu wa nguo za watoto siku hizi daftari lake lipo juu ya friji, kila mtu nyumbani analijua.

Swali ninaloulizwa sana ni la wenye watoto wachanga. Kwanza, kama umejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, au una presha, sukari, ugonjwa wa moyo au kifua kinabana ukitembea, usianze kwa kusoma ukurasa huu. Siku unayompeleka mtoto kliniki, mwambie nesi akupime na wewe, umuulize uanze na nini na lini. Upo pale tayari, foleni umeshakaa.